Jumapili ibada, Jumamosi Sabato: timu ya chuo icheze lini?

Shikamoo Mwalimu.

Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu cha kanisa hapa Tanga. Katika serikali ya wanafunzi nimepewa wizara ya michezo, na mpaka sasa wizara yenyewe ni kesi tupu.

Tuna timu ya mpira wa miguu ya wavulana na timu ya netiboli. Mechi za kirafiki na vyuo vingine zilikuwa zinapangwa Jumapili kwa kuwa siku hiyo hakuna mwenye vipindi. Mchungaji wa chuo amekataa: timu yenye jina la chuo haichezi siku ya ibada. Tukahamia Jumamosi, tukawakosa Wasabato watatu, akiwemo beki wetu wa kati. Karibu nusu ya kikosi ni Waislamu, nao magharibi ikikaribia wanatoka uwanjani, mazoezi yakiwa ndiyo kwanza yamenoga. Jumatano jioni kuna ibada ya wanafunzi, Alhamisi jioni kuna kwaya, na golikipa wetu ndiye mpiga kinanda. Mwezi huu hatujapata hata siku moja ya mazoezi tukiwa wote.

Netiboli ndiyo inakufa kabisa. Kiwanja ni mchanga, mistari inafutika kabla ya robo ya pili. Wasichana wanne wameacha kwa sababu ya sketi: wawili wanavaa hijabu, wawili walisemwa na watu kanisani. Februari wachezaji wawili walianguka kwa joto.

Sasa linakuja bonanza la vyuo. Kocha na baadhi ya wachezaji wananibana tuwachukue vijana watatu wa mtaani wanaocheza ligi ya wilaya, tuwatafutie vitambulisho. Wanasema kila chuo kinafanya hivyo. Michango inaingia kwenye simu yangu na watu wameanza kuulizana pesa ziko wapi. Juu ya hayo, mjumbe mmoja wa baraza la chuo anasema michezo ni mambo ya dunia na bajeti yake ipunguzwe.

La mwisho, mipira yetu haimalizi miezi miwili. Inapasuka au inatoa upepo. Kwa nini?

Waziri wa Michezo, Tanga

*

Marahaba binti yangu.

Tuanze na ratiba, maana nusu ya kesi zako zimezaliwa humo. Wengi katika nafasi yako hudhani wana ugomvi wa dini, wakaenda kumbembeleza mchungaji, kisha imamu, kisha mzee wa Wasabato, kila mmoja kivyake. Usibembeleze mtu. Chukua kalamu uandike saa ambazo kila kundi haliwezi kucheza, halafu uangalie kinachobaki. Mkristo wa chuo chako hawezi Jumapili. Msabato hawezi kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Mwislamu ana swala ya Ijumaa mchana, na ana magharibi kila siku. Ukiviweka pamoja utaona siku moja ya mechi inayomfaa kila mtu: Ijumaa jioni, kati ya saa 9:30 na jua kuzama. Swala ya Ijumaa imekwisha, Sabato haijaingia, Jumapili iko mbali.

Hesabu yake iwe ya dakika. Mechi ya miguu ni 45, mapumziko 15, kisha 45, na za nyongeza kama tano. Ikianza saa 10:00 kamili inakwisha saa 11:50. Hapa Tanga jua huzama mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:15 jioni, na huchelewa zaidi mwezi Februari, karibu saa 12:45. Kwa hiyo Oktoba na Novemba anza saa 9:45, ili Msabato apate muda wa kuoga na kujiandaa, na Mwislamu atawadhe bila kukimbia. Ukichelewesha kuanza kwa nusu saa, kama ilivyo desturi yetu, mpango wote umevunjika. Mwamuzi apulize kipyenga saa ileile hata kama mgeni rasmi hajafika.

Kikwazo cha Ijumaa ni vipindi vya mchana. Nenda ofisi ya ratiba kabla ratiba ya muhula haijabandikwa, uombe vipindi vya Ijumaa viishe saa 9:00. Ombi hilo hukubalika kwa urahisi likija na sahihi ya mshauri wa wanafunzi, na nakala kwa mchungaji wa chuo. Ratiba ikishabandikwa, kila mhadhiri atakuwa na sababu yake ya kutoguswa.

Kwa mazoezi, acha kung'ang'ania jioni. Timu ya miguu ifanye Jumatatu saa 10:15 hadi 11:45 jioni, na Jumatano saa 12:30 hadi 1:20 asubuhi kabla ya vipindi. Netiboli ifanye Jumanne jioni na Alhamisi asubuhi kwa saa hizohizo. Asubuhi hiyo alfajiri imeshaswaliwa, ibada ya Jumatano jioni haiguswi, na golikipa wako atapiga kinanda Alhamisi bila kutumiwa ujumbe wa lawama. Tena saa hiyo joto halijapanda. Dakika 50 za asubuhi wakiwepo wote zina faida kuliko saa mbili za jioni wakiwa kumi na moja.

Ramadhani ina mpango wake. Mechi za dakika 90 zisimame. Wanaofunga wafanye dakika 35 hadi 40 za mpira wa miguuni, pasi na mipira iliyokufa, bila mbio ndefu, wamalize karibu na futari ili wakitoka uwanjani wakute maji. Usimwondoe mtu kikosini kwa sababu amefunga. Na ukumbuke wapo Wakristo wanaofunga Kwaresima, hao hawasemi mpaka waanguke.

Ijumaa haitatui kila kitu. Timu ya Muheza itafika na kurudi. Ya Lushoto italazimika kuondoka asubuhi na kukosa vipindi, kwa hiyo mechi za mbali zitaangukia Jumamosi. Hapo andikeni mapema katika kanuni za timu kwamba anayekosa mechi kwa sababu ya ibada hapotezi namba na haulizwi mara mbili, kisha kocha aandae beki wa pili wa kati kuanzia sasa. Bonanza nalo, peleka barua ya kuomba msipangiwe Jumapili kabla ya kikao cha kupanga makundi. Waandaaji hawapendi kugusa ratiba iliyokwisha kutoka. Eric Liddell wa Uskoti, aliyekataa kukimbia mchujo wa mita 100 Jumapili kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, aliijua ratiba miezi kadhaa kabla, akapata muda wa kujinoa kwa mita 400, na akazishinda kwa sekunde 47.6. Watu husimulia msimamo wake tu, wakaruka hiyo miezi ya mazoezi.

Sasa mamluki, wale vijana wa mtaani. Hapana. Sisemi hivyo kwa kuwa chuo ni cha kanisa, ingawa kughushi kitambulisho chenye nembo ya msalaba ni aibu ya aina yake. Angalia jinsi inavyobambwa. Mashindano ya vyuo hukagua kitambulisho, namba ya usajili na orodha iliyogongwa muhuri na msajili wa chuo. Vijana wenu wanacheza ligi ya wilaya, maana yake picha zao na leseni zao ziko kwa chama cha soka, na nusu ya watazamaji wa Tanga wanawajua kwa majina. Timu pinzani haitakata rufaa mkifungwa. Itasubiri mshinde, kisha ipeleke picha. Mtapoteza pointi zote, na jina litakaloandikwa kwenye barua ni la waziri aliyesaini orodha, yaani wewe. Kijana huyo akivunjika mguu, bima ya wanafunzi haimhusu, na wazazi wake watakuja getini. Kuhusu "kila chuo kinafanya hivyo", waambie wanaosema hivyo waandike kwa mkono na wasaini.

Badala yake tafuteni wachezaji waliomo humohumo chuoni. Anzisha ligi ya vitivo au ya mabweni, timu sita, wachezaji saba kila upande, uwanja wa nusu. Kila timu ikikutana na kila nyingine mara moja ni mechi 15. Kila mechi dakika 20 kwa 20 na mapumziko matano, kwa hiyo mbili zinaingia Ijumaa moja, kuanzia saa 10:00 hadi saa 11:40. Kwa Ijumaa nane ligi imekwisha, na muhula bado una wiki za kuandaa kombaini. Kocha akae pembeni na daftari, aandike majina. Mara nyingi anayepatikana ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Fanya vivyo hivyo kwa netiboli, hata timu zikiwa nne.

Nije kwenye kiwanja cha netiboli, maana hapa ndipo fedha kidogo inafanya kazi kubwa. Kiwanja ni mita 30.5 kwa 15.25. Tafuta kamba ya katani, mkoa huu haiwezi kukosekana, lakini iloweshe na kuivuta kwanza kabla ya kuipima, kwa sababu katani kavu hubadilika urefu ikipata unyevu. Kona ya mraba unaipata hivi: kutoka kigingi cha kona pima mita 6 kwenye mstari mmoja, mita 8 kwenye mstari wa pili, kisha umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 10 kamili. Usipokuwa 10, sogeza mstari wa pili. Ukimaliza kona zote nne, pima kona kwa kona pande zote mbili. Kila upande utoe mita 34.10. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita tano, kiwanja kimelala upande. Theluthi tatu ni mita 10.17 kila moja, nusu duara ya goli ina nusu kipenyo cha mita 4.9, na duara la katikati kipenyo cha sentimita 90. Pete iwe mita 3.05 kutoka chini, na kipenyo chake sentimita 38. Pima ukiwa umeshasawazisha ardhi, maana viwanja vingi nguzo zilipimwa kwanza, mchanga ukaja baadaye, pete ikashuka.

Mchanga wenyewe hauwezi kushika mstari wala kifundo cha mguu. Netiboli ni mchezo wa kuruka na kusimama ghafla, sheria inakataza kuburuta mguu ukiwa na mpira, kwa hiyo mchezaji akitua kwenye mchanga laini goti ndilo linalobeba mzigo. Ondoa mchanga wa juu, mwaga moramu au udongo wa kichuguu tabaka la sentimita 8, nyunyizia maji, shindilia, rudia. Mita 30.5 kwa 15.25 kwa sentimita 8 ni karibu mita za ujazo 37, na kwa kuwa udongo hushuka ukishindiliwa, agiza 45. Ongeza mita moja na nusu hadi tatu za nafasi tupu kuzunguka kiwanja kama eneo linaruhusu, na hesabu udongo wake pia. Acha mteremko wa sentimita 15 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili masika isigeuze kiwanja dimbwi. Kazi hii ifanyike kati ya Juni na Septemba, udongo upate kukauka na kukamata. Ukimwaga Machi, mvua ya Aprili itaupeleka baharini.

Mistari isipakwe kwa chokaa iliyochomwa, hata kama Tanga ni mkoa wa chokaa na kuna mtu atakupa mfuko bure. Ile ikikutana na jasho huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hospitali. Tumia rangi nyeupe ya maji iliyopunguzwa kwa maji, kwa brashi au kopo lililotobolewa. Kwa uwanja wa miguu wa mita 100 kwa 64, jumla ya mistari yote ni kama mita 700. Paka mita 20 za kwanza, angalia umetumia rangi kiasi gani, zidisha kwa 35, ndipo ununue. Na kona kwa kona ya uwanja huo ni mita 118.7. Jambo moja la uwanja wa miguu ambalo halingoji bajeti: magoli ya chuma yanayohamishika yafungwe ardhini au yalemewe na magunia ya mchanga nyuma. Goli lisilofungwa likiangukia mtu anayening'inia huua.

Kuhusu sketi, muulize mwamuzi yeyote wa netiboli atakuambia anachokagua ni herufi za nafasi kifuani na mgongoni, kucha fupi, na mtu asiwe na hereni wala bangili. FIFA iliruhusu hijabu mwaka 2014 na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu, mwaka 2017, kwa hiyo hoja kwamba hijabu haichezi ilishakufa. Agiza sare ya aina mbili kwa kitambaa kimoja na siku moja: sketi na taiti ndefu, au suruali ya michezo na fulana ya mikono mirefu. Ukichelewesha aina ya pili, rangi itatofautiana na wanaoivaa wataonekana wageni. Hijabu iwe ya kuvutwa kichwani, isiyo na pini. Kisha kila msichana achague mwenyewe, nawe usiulize kwa nini. Wale wawili waliosemwa kanisani wakivaa taiti, wasemaji watatafuta jambo lingine, lakini hilo halitakuwa la kwako. Weka pia matroni au mwanamke mmoja wa menejimenti kila timu ya wasichana inaposafiri, na kocha wa kiume asiitishe kikao cha mchezaji mmoja mmoja chumbani. Hili usilijadili na kocha, litangaze.

Joto. Februari huku ni joto na unyevu pamoja, jasho linatiririka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Wanaoanguka mara nyingi wana mambo mawili: hawakula mchana kwa kubana matumizi, na hawakunywa maji mpaka kiu ilipowashika. Mchezaji ale saa mbili au tatu kabla, chakula cha wanga kinachojulikana tumboni mwake, iwe ugali na maharage au mihogo. Uwanjani kila mtu apate karibu lita moja kwa mazoezi ya dakika 90, anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20. Wachezaji 22 ni dumu moja la lita 20 na kidogo zaidi, kwa hiyo peleka mawili na kila mtu aje na chupa yake, msinywe wote kikombe kimoja. Kwa anayetapika au kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vifutwe juu visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, afadhali ipungue.

Mchezaji akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akapepesuka au akazimia mwili ukiwa moto, huo si uchovu. Mvue jezi, mwagie maji mengi mwili mzima hapohapo kivulini, mpepeeni kwa nguvu, na endeleeni kumpoza huku gari la kwenda hospitali ya Bombo likitafutwa. Kosa la kawaida ni kumkimbiza hospitali akiwa na joto lake lote ndani ya gari lililofungwa vioo. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa hata kidogo, atoke na asirudi siku hiyo, hata akiapa. Aliyeteguka kifundo asiyeweza kukanyaga hatua nne apelekwe kupigwa picha ya mifupa. Yule mtu wa kukanda kwa mafuta ya moto siku hiyohiyo mfukuzeni uwanjani, moto huongeza uvimbe.

Kupasha misuli moto kusiwe kuzunguka uwanja mara tatu. FIFA ina mpango uitwao 11+ wa dakika 20 hivi: nane za kukimbia taratibu na kugeuka, kumi za nguvu, mizani na kuruka, mbili za kukimbia kwa kasi. Ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kinachoonekana, na sehemu ya kumi za katikati ndiyo makocha wetu hupenda kuiruka. Wasichana hasa wasiiruke. Goti la mwanamke anayeruka na kutua hukata kano za ndani kwa urahisi kuliko la mwanamume, kwa hiyo wafundishwe kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiingiane ndani.

Pesa zisiingie tena kwenye simu yako kuanzia leo. Hata ukiwa mwaminifu namna gani, siku simu ikiibiwa Ngamiani utakuwa mwizi. Mwombe mhasibu wa chuo kifungu cha michezo ndani ya akaunti ya chuo au ya serikali ya wanafunzi, na namba ya malipo yenye jina la taasisi. Zilizopo sasa ziandike zote, tarehe, jina, kiasi, kisha uzihamishe zote kwa mkupuo mmoja na kubandika karatasi hiyo ubaoni. Kutoa pesa kuwe na sahihi tatu: wewe, mweka hazina na mshauri wa wanafunzi. Posho ya kocha iandikwe kwenye mkataba wa muhula, iwe na siku ya kulipwa, maana kocha asiyejua atalipwa lini ndiye anayeanza kutafuta vijana wa mtaani ili ashinde na kusikika. Mpangilio wa matumizi: kwanza sanduku la huduma ya kwanza na kufunga magoli, pili mipira, tatu usafiri, jezi mwisho. Mpira mmoja kwa wachezaji watatu ndiyo kiasi cha mazoezi ya maana, yaani mipira saba au minane kwa timu ya watu 22, na minne kwa netiboli ya watu 12. Timu yenye jezi mpya na mipira miwili hupiga picha nzuri.

Mkitaka siku moja kuingia ligi ya wilaya kama klabu, hilo ni jambo jingine. Klabu inayoshiriki nje ya chuo inasajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, kwa katiba na kupitia afisa michezo wa jiji. Kwa bonanza na mechi za kirafiki hamhitaji usajili huo.

Mjumbe wa baraza usibishane naye kwa Maandiko, atakuwa na yake na wewe na yako. Paulo alitumia mbio na ndondi kuwafundisha Wakorintho, na yeye huyohuyo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo, kwa hiyo mtakesha. Mkumbushe tu kwamba mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, mjini Springfield, Marekani, na mpira wa wavu ukabuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, naye akiwa mtumishi wa YMCA, pale Holyoke. Kisha mpe karatasi moja: wanafunzi wangapi wanacheza, Ijumaa ngapi, shilingi ngapi kwa mwanafunzi mmoja kwa muhula. Wajumbe wa baraza husoma namba.

Na mipira. Inapasuka kwa sababu inajazwa kupita kiasi kisha inaachwa juani. Hewa ya ndani ikipata joto hutanuka, mshono ukaachia. Mpira wa miguu namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na upepo wake ni wa 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha angahewa, au 8.5 hadi 15.6 kwenye pampu zinazosoma psi. Kwa mazoezi 9 hadi 11 inatosha. Kama pampu haina kipimo, dondosha mpira kutoka mita 2 kwenye sakafu ya saruji, unapaswa kurudi kati ya mita 1.25 na 1.55. Ukirudi juu zaidi ya hapo, punguza. Unaotoa upepo polepole mara nyingi haujatoboka, ni kinywa chake kimekatwa na sindano kavu: lowesha sindano kwa maji au tone la glisirini, iingize wima, usiizungushe. Baada ya mazoezi kwenye uwanja wenye mchanga wa pwani, futeni chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, mipira ikae kivulini kwenye wavu wa kuning'iniza, na kama kuna uzio wa michongoma nyuma ya goli, ukatwe au uwekewe wavu.